Wenye gemu, tuwekeeni hata yale matoleo ya aibu

Kuna gemu inaitwa Barony ambayo nina hakika wengi wenu hamjawahi kuisikia, na hilo halinishangazi. Huku kwetu ukisema unacheza gemu, mtu anafikiria FIFA kwenye kibanda cha PlayStation ama Call of Duty kwa simu, basi. Barony haina mabango barabarani wala mchezaji wa soka kwenye jalada. Sura yake, kusema ukweli, ni ya vijisanduku-vijisanduku, kama kitu mtoto amejenga kwa vipande vya sabuni. Lakini ndiyo gemu iliyonifanya nifikirie sana jambo ambalo watengenezaji gemu, wa ng'ambo na wa hapa Nairobi, wanalichukulia mchezo: matoleo ya zamani yanaenda wapi?

Wacha kwanza nikuambie ni kitu gani. Barony ilitoka Juni 2015, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Turning Wheel, inayoongozwa na jamaa anaitwa Sheridan Rathbun. Mnaingia shimoni hadi watu wanne, kila mmoja na mashine yake, mkimtafuta Baron Herx, mtawala aliyekufa akakataa kulala. Kila mkianza upya, shimo linajipanga upya, kwa hivyo ramani ya jana haikusaidii leo. Chupa ya dawa unayookota hujui ni ya nini mpaka mtu ajitolee kunywa. Kofia inaweza kuwa na laana, ukiivaa inagoma kutoka kichwani. Halafu kuna mitego ya mawe makubwa ya mviringo, yale yanabingirika kwenye korido nyembamba. Jiwe halina beshte. Limemaliza vikosi vingi kabla havijaona hata ghorofa ya tatu.

Mmoja wenu akifa, anangoja wenzake wafike ghorofa inayofuata ndipo arudi. Mkifa wote, imeisha, mnaanza mwanzo. Hakuna kurudisha nyuma. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu kila uamuzi unakuwa wa kikao. Chakula ni haba: nani anakula kipande cha mwisho cha mkate, yule mwenye shoka ama yule anayetibu wengine? Nimeona watu wazima, wenye kazi na watoto, wakinuniana juu ya mkate ambao haupo.

Barony haikuanguka kutoka mbinguni. Ni ya ukoo mkubwa, na babu wa ukoo huo ni Rogue, gemu iliyoanza karibu mwaka wa 1980 mikononi mwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman. Toy alipohamia Berkeley, Ken Arnold akajiunga nao. Hakukuwa na picha. Wewe ulikuwa alama ya @, wanyama wakali walikuwa herufi kubwa, kuta zilikuwa vistari. Unashuka chini kutafuta Hirizi ya Yendor, na ukifa umekufa. Kutoka kwa babu huyo ndiko gemu zote za ukoo zilirithi mambo mawili: shimo linalojipanga upya na kifo kisicho na rufaa.

Sasa hapa ndipo hadithi inaponihusu, na inakuhusu wewe pia kama umewahi kutaka kutengeneza kitu chako. Rogue ilisambazwa vyuoni ndani ya BSD Unix, toleo la 4.2, mwaka wa 1983. Lakini ilisambazwa ikiwa imefungwa: unaweza kuicheza, huwezi kuona imeandikwaje. Kijana mmoja wa sekondari kule Massachusetts, Jay Fenlason, alikuwa ameipenda sana gemu hiyo. Aliomba wenyewe wampe msimbo. Hawakumpa. Akakaa chini na wenzake wa shule wakaandika yao kutoka sufuri, wakaiita Hack.

Msimbo wa Hack haukufichwa. Mwaka wa 1984 Mholanzi Andries Brouwer aliuboresha na kuutuma kwenye Usenet, ule mtandao wa majadiliano wa enzi hizo, na mtu yeyote akawa anaweza kuuchukua. Mwaka wa 1987 kikundi kilichoongozwa na Mike Stephenson pamoja na Izchak Miller na Janet Walz kikatoa NetHack. Ile "Net" ni mtandao wenyewe, kwa sababu watu waliojenga gemu hiyo walikuwa mbali mbali, wengine hawajawahi kuonana. Na tazama hili: toleo la 3.4.3 la NetHack lilitoka 2003, lililofuata rasmi likaja Desemba 2015. Miaka 12 kimya. Gemu nyingine ingekuwa imezikwa na matanga yamekwisha. NetHack haikufa kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na katika miaka hiyo watu wa kawaida walitoa matawi yao kibao, kila mtu akirekebisha anachotaka. Ukicheza NetHack kisha ukacheza Barony utatambua damu: vitu vilivyobarikiwa na vilivyolaaniwa, mwenye duka ambaye hutaki kumkasirisha, njaa inayokufuata kama mdeni.

Turning Wheel nao, baada ya kuuza gemu yao kwa muda, waliweka msimbo wa Barony wazi kwenye GitHub. Picha, sauti na vitu vingine vya kisanii havimo. Hivyo unavipata ukinunua gemu. Kwangu hiyo ni haki kabisa. Msanii ale jasho lake, lakini mjengo wenyewe uonekane.

Mimi chuo kiliniacha njiani, ama mimi ndiye nilikiacha, itategemea unamuuliza nani. Kwa hivyo sina maktaba ya kwenda, sina mhadhiri wa kumpigia simu. Nilichonacho ni laptopu ya mtumba na hifadhi kama hiyo ya Barony. Na nikuambie, kusoma msimbo wa toleo la leo peke yake ni kama kutembelea nyumba iliyokwisha kupakwa rangi. Unasifu, unaondoka, hujajifunza kujenga. Historia ndiyo inakuonyesha mjengo: mbao zilizoshikilia zege, ukuta uliobomolewa ukajengwa tena, msumari uliopinda. Unaona mtu aliandika kitu Jumatatu, kikaharibu kingine, akakirekebisha Jumatano na kuacha maelezo mafupi ya kwa nini. Kwa sisi ambao hakuna mtu atakaa kando yetu atufundishe, hayo maelezo mafupi ndiyo darasa.

Halafu kuna jambo ambalo wale wa gemu za kucheza peke yako hawalielewi. Gemu ya kushirikiana haihifadhiki kwa urahisi. Gemu ya mtu mmoja, ukipata faili moja nzima na mashine inayoikubali, umemaliza. Ya watu wanne inahitaji nakala nne, na lazima ziwe za toleo moja. Sababu si ukaidi. Gemu nyingi za aina hii hazitumi shimo zima kutoka mashine moja hadi nyingine, zinatuma nambari moja tu, wanaiita mbegu, kisha kila mashine inachimba shimo lake kwa kufuata mbegu hiyo. Kama kanuni za kuchimba zimebadilika kidogo tu kati ya toleo lako na langu, wewe utaona mlango mahali mimi naona ukuta. Ndiyo maana gemu inakataa tu kuwaunganisha: sasisha kwanza.

Sasa fikiria wanne wa mtaa wa kawaida. Mmoja ana Wi-Fi ya nyumbani, gemu yake imejisasisha usiku akiwa amelala. Wengine watatu wanategemea bando la simu na hawako tayari kumaliza data ya wiki nzima kwa sababu mtu kule Marekani ameongeza rangi mpya ya koti. Kama toleo la zamani linapatikana, yule mmoja anarudi nyuma, mnacheza. Kama limefutwa, jioni imekwisha. Kwa mtu wa Berlin hili ni suala la makumbusho. Kwetu ni suala la Ijumaa hii.

Na hata mkiwa na toleo moja, bado kuna swali la mahali pa kukutania. Gemu nyingi siku hizi zinawakutanisha kupitia seva za mwenye duka ama za kampuni. Seva zikizimwa, nakala yako nzuri iliyohifadhiwa inabaki pambo. Barony wana kitu ninachokipenda sana: unaweza kuunganisha mashine moja kwa moja kwa anwani ya IP. Yaani mnaweka rauta katikati ya meza, hakuna intaneti, hakuna bando, na mnashuka shimoni. Hicho kipengele cha kizamani, ambacho mtaalamu wa biashara angesema kiondolewe kwa sababu hakuna anayekitumia, ndicho kitakachofanya gemu hiyo ichezeke 2045.

Linganisha na The Crew ya Ubisoft. Ilikuwa gemu ya mbio za magari, ikihitaji seva hata ukicheza peke yako. Mwisho wa Machi 2024 seva zilizimwa, na watu waliokuwa wamelipa pesa zao wakabaki na kitu kisichofunguka. Ross Scott, jamaa wa YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Hawakuomba kampuni ziendeshe seva milele. Waliomba tu kwamba ukiondoka, uache gemu ikiwa inachezeka. Sijui nani anaweza kupinga hilo na uso mkavu, lakini wapo.

Wengine huniambia, "Si intaneti huwa haisahau?" Intaneti inasahau kuliko nyanya yangu. Chukua Minecraft, gemu ambayo karibu kila mtoto duniani anaijua. Septemba 18, 2010 lilitoka toleo la Alpha 1.1.1. Lilikuwa na kasoro mbaya, na baada ya saa tatu na ushee likabadilishwa na jingine. Kwa zaidi ya miaka 10 wakusanyaji walilitafuta kila mahali bila kulipata. Lilipatikana Juni 2021, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amelipakua siku ile ile na nakala ikabaki kwenye hifadhi yake ya zamani. Mtu mmoja tu! Na hiyo ni gemu iliyokuja kuuzwa kuliko nyingine zote. Gemu ya watu wawili waliojifungia chumbani Roysambu ina nafasi gani?

Takwimu nazo si za kufurahisha. Mwaka wa 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichunguza gemu za kale zilizotoka Marekani kabla ya 2010, likapata kwamba asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Maktaba zikaomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali, bila wao kulazimika kusafiri hadi kwenye jengo. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa. Hofu ilikuwa kwamba watu watazicheza kujifurahisha. Sasa nikuulize, vitabu vya hadithi maktabani watu husoma kujihuzunisha?

Najua watengenezaji wana sababu zao na nyingine si za kijinga. Ya kwanza ni aibu. Hakuna anayependa watu waone kazi yake ikiwa na mate. Toleo la 0.1 huwa na mhusika anayepita ukutani na muziki wa kuazima, na leo wewe una jina. Naielewa hiyo, kwa sababu nami nina maandishi ya miaka ile ambayo sitaki shemeji yangu ayaone. Lakini Derek Yu alitoa Spelunky ya kwanza bure mwaka wa 2008, akaweka na msimbo wake wazi, kisha 2012 akauza ile mpya iliyopambwa, ambayo watu wanne wanaweza kuicheza pamoja kwenye skrini moja. Ile ya bure hakuifuta. Bado ipo, na hakuna aliyeiona akasema Derek hajui kazi. Watu walinunua ile mpya kwa sababu ya zamani iliwaonyesha anajua.

Ya pili ni usumbufu: mtu anacheza toleo la miaka mitano iliyopita, linakwama, anakuandikia barua ya matusi. Hii inatibika kwa sentensi moja: toleo hili ni la kumbukumbu, halina huduma. Steam yenyewe inamruhusu mtengenezaji kuacha matoleo ya zamani kwenye orodha ya pembeni ambayo mchezaji anaichagua mwenyewe, na yule asiyejua habari zake hataiona. Ni kazi ya dakika chache. Wengi hawafanyi kwa sababu hakuna aliyewaambia ina maana.

Sababu ya tatu, ya wezi, sitaipotezea muda. Mwizi wa gemu anataka toleo jipya. Hakuna mtu anakesha akijaribu kuiba toleo lenye kasoro la 2015.

Kwa Barony nina moja la kulalamika, ili msione kama nimelipwa. Gemu imekua sana tangu ile siku ya kwanza. Ilianza na aina 10 za wahusika: shujaa, mganga, mfanyabiashara, mchawi, hata mchekeshaji, na wengineo. Leo kuna mtawa na ninja, na ukilipa zaidi unapata mtengeneza dawa, ama unacheza kama mifupa inayotembea au mtu-mbuzi. Sasisho la Quality of Death lilibadilisha hadi sura ya menyu. Mengi ni mazuri. Lakini mimi bado nadhani wale 10 wa kwanza ndio gemu yenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa na upungufu uliomlazimisha kumtegemea mwenzake. Mfanyabiashara hajui kupigana, anajua bei tu. Wewe bila yeye unauziwa takataka. Wahusika walipokuwa wengi, nafasi ya kupata mmoja anayejitosheleza ikaongezeka, na anayejitosheleza hashirikiani, anafuatana nanyi tu. Waweza kunipinga. Lakini utanipinga kwa ushahidi gani kama ile ya kwanza haipo ya kulinganisha? Kwa bahati yangu na yako, ipo.

Ningependa hapa Nairobi tuanze mapema. Kuna vijana wanatengeneza gemu kwenye keja zao, wengine kazi zao ni moto kabisa, na kila ninapouliza toleo la kwanza liko wapi naambiwa "lilikuwa kwa ile laptopu iliyoibiwa". Sihitaji sheria ya Bunge hapa. Kila ukitoa toleo, hata kama ni bovu, funga faili zake pamoja, andika tarehe na nambari, eleza kwa mistari mitano inahitaji mashine gani, kisha uweke mahali pawili tofauti, pamoja na nakala kwa rafiki asiyeishi nawe. Kama gemu yako ni ya kushirikiana, acha mlango wa IP wazi. Kama hutaki kutoa msimbo leo, andika kwenye karatasi utatolewa lini na nani ana ufunguo ukipatwa na jambo. Tusidanganyane kwamba sisi ni vijana na hatutapatwa na jambo.

Nasema haya kwa sababu tumeshapoteza. Wenye umri wangu na walionizidi kidogo wanakumbuka Ma3Racer ya Planet Rackus, kampuni ya hapa Nairobi, ile ya kuendesha matatu kama mwendawazimu kwenye simu ya Nokia. Ilikuwa kwenye duka la Nokia la mtandaoni. Duka hilo lilifungwa 2015, wateja wakaelekezwa kwa duka la Opera, na maisha yakasonga. Leo mtoto wa kidato cha pili anayetaka kujua Wakenya walianzaje kutengeneza gemu za simu atasoma habari zake, labda aone picha mbili. Kuicheza ndiyo shida.

Kwa hivyo kama nyumbani kuna ile droo ya nyaya na simu za zamani, na ndani kuna Nokia ambayo mtu wa vyuma kuukuu anaiulizia kila akipita, usimpe bado. Tafuta chaja yake ile ya pini nyembamba, iwashe, angalia kwenye folda ya gemu. Ukiipata Ma3Racer, usifute kitu, usibonyeze "sasisha". Niandikie.